Maziwa ya Mlangoni

Kemi mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kupitia ukutani. Uko chumba cha pili, umefunga zipu ya begi, sasa unaifungua tena, bila shaka kuna kitu umesahau. Jua bado liko juu ya migomba ya jirani. Nimeona niandike sasa hivi kabla halijazama, kwa sababu vidole vyangu unavijua: jioni ikishaingia na baridi yake vinakakamaa, na kalamu inakuwa nzito kama jembe. Ukiona mwandiko unalegea huko mbele, ujue vidole vimegoma, siyo kwamba nimeanza kulia. Kulia nitalia kesho basi lako likishaondoka Omurushaka, nikirudi peke yangu kwa pikipiki. Helmeti inasitiri mengi.

Sitakuambia ubebe sweta. Sitakuambia uhifadhi namba za nani na nani. Hayo yote baba yako ameshakuambia zaidi ya inavyohitajika, tena ameyarudia leo mezani huku wali unapoa. Mimi nataka kukuambia habari za kazi, zile ambazo chuoni hawakukufundisha kwa sababu hakuna mtihani unaoziuliza. Umepangiwa Simanjiro, daktari wa mifugo wa serikali, kama mimi. Kanisani Jumapili watu walinipongeza kwamba mtoto amefuata nyayo zangu, nikashukuru, na shukrani ilikuwa ya kweli. Lakini nimechoka, Kemi. Nimechoka kwa namna ambayo likizo haitibu, na nadhani ni haki yako kujua mtu anachokaje katika kazi hii kabla hujaianza.

Baba yako hayupo. Amechukua bodaboda kwenda Nyakasimbi kwa mama yake, kumwomba Bibi aje kesho alfajiri kukuaga. Hakuniambia anakwenda huko. Alivaa shati la kanisani, akasema "narudi," akatoka, na mimi nikajua. Bibi hajakanyaga nyumba hii tangu ng'ombe wake Bihogo alipopelekwa machinjioni kwa amri yangu. Kwa hiyo naandika huku sikio likiwa barabarani.

Unajua ninachokiogopa. Katika ukoo wa baba yako mtu haendi safari ndefu bila kunywa maziwa ya Bibi. Anasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, anapokea ekyanzi, kile chombo cha mti kilichoiva kwa moshi wa nyasi, anakunywa kabla hajasema kwaheri kwa mtu yeyote. Baba yako alikunywa alipokwenda kusomea ualimu. Shangazi yako alikunywa akiwa na shela kichwani, tone likamwagikia kwenye gauni, na mpaka leo analionyesha lile doa kwa majivuno. Wewe ulikunywa ulipokwenda chuo kikuu, ukajifuta mdomo kwa kiganja kama mtoto mdogo, Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Ninachoogopa ni kwamba kesho utavuka mlango huu mdomo mkavu, na sababu yake nitakuwa mimi.

Na maziwa yale hayachemshwi. Hilo nalo unalijua. Bibi anaamini, kama mama yake alivyoamini, kwamba maziwa yakipanda motoni chuchu za ng'ombe zinaungua hukohuko aliko, maziwa yanakauka, ndama anakonda. Tangu niolewe nimemweleza habari za vijidudu kwa kila lugha ninayoijua, kwa Kiswahili cha semina na kwa Kinyambo changu kibovu, naye amenisikiliza kwa adabu zote. Akimaliza kunisikiliza, ananikaribisha maziwa.

Nikuambie nilivyoanza kukosea, maana nilianza kwa kupatia.

Wakati huo wilaya ya Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, na mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka upande wa Songambele. Nilikuwa na buti mpya na kisanduku cha barafu cha kuwekea damu, nikajiona mtu mkubwa. Taarifa zilikuja kwamba ng'ombe wanatupa mimba, zizi baada ya zizi. Asubuhi niliitisha mkutano shuleni, nikawaambia watu wachemshe maziwa, wasishike ndama aliyetupwa kwa mikono mitupu, wamzike au wamchome moto. Walipiga makofi. Mchana nikaanza kuzungukia mazizi, na kila zizi nililofika niliambiwa hapa hatuna shida.

Kwa Mzee Gasana ilikuwa hivyohivyo. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, akazeekea hapa, wajukuu wake wanasoma hapa, lakini mtu wa serikali akiingia kwake huanza kwa kuuliza ng'ombe wangapi, kisha anauliza babu yako alizaliwa wapi. Kwa hiyo alinipokea akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Ng'ombe wote wazima, Daktari. Tunamshukuru Mungu."

Nilikuwa naona majike waliokonda nyuma, mikia michafu, na ndama wachache mno kwa zizi kubwa vile. Nikamwambia naomba nitoe damu. Akasema ng'ombe wamechoka. Ndipo mke wake akatoka na maziwa kwenye kikombe kikubwa cha bati, akapiga goti, akanipa. Mzee akaniangalia.

"Asubuhi umetuambia tuchemshe," akasema. "Vizuri. Haya hayajachemshwa. Unakunywa au unaondoka?"

Nilikunywa. Nilikunywa yote, na yalikuwa matamu, sitakudanganya. Nilipomrudishia mama yule kikombe, Mzee Gasana akasema, "Twende," akanipeleka nyuma ya zizi, kwenye kichaka. Kulikuwa na ndama waliozaliwa kabla ya wakati, hawana hata manyoya, mbwa walikuwa wamewaburuta. Alikuwa amepoteza karibu uzao wote wa mwaka ule na hakumwambia mtu, hata mchungaji wake wa kanisani. Akasimama pale mbele ya wale ndama.

"Mtu anayeandika bila kunywa," akaniambia, "nitajuaje ananiandikia nini?"

Nilitoa damu ya ng'ombe wote jioni ile, na yeye mwenyewe alinishikia pembe.

Jambo nililojifunza siku ile ni la kweli na nakuachia ulichukue: watu hawakuonyeshi kinachowaumiza mpaka uwe umekaa nao. Hakuna kipimo cha maabara kinachoruka hatua hiyo. Lakini nililitumia vibaya. Nililifanya ufunguo. Songambele, Nyakasimbi, kila zizi nililoingia nilikuwa naharakisha kunywa ili nionyeshwe haraka. Asubuhi nasimama mbele ya watu nasema chemsheni, mchana nanyanyua kikombe cha mabichi, na nilijiona mjanja. Nilidhani ugonjwa unaheshimu cheo. Wenzangu ofisini walinishangaa jinsi watu walivyokuwa wakinifungukia, nami nikawa natabasamu tu kama mwenye siri.

Wewe ulikuwa mdogo zilipoanza zile homa. Utakumbuka mashuka yaliyokuwa yakianikwa kila asubuhi, nawe ukiuliza nani amekojoa, baba yako akikukataza kucheka. Lilikuwa jasho langu. Homa inakuja jioni, usiku naloa, asubuhi naamka nafuu naenda kazini. Nilinunua dawa za malaria dukani mpaka muuza duka akawa ananipa kabla sijasema. Baadaye viungo vikaanza, kwanza nyonga, kisha magoti, kisha vidole. Nikasema ni pikipiki. Nikasema ni umri. Mimi, ambaye nilikuwa nafundisha wafugaji dalili hizohizo kwa mdomo wangu, sikuziona zilipokaa kwenye mwili wangu.

Ukiwa mwaka wa pili ulinipigia simu. Naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa kibarazani nachambua maharage.

"Shikamoo Mama. Hiyo homa yako, inakuja jioni na kuondoka asubuhi?"

"Marahaba. Inakuja inavyotaka."

"Mama, umewahi kupima brusela?"

Brusela, ugonjwa uleule unaotupisha ng'ombe mimba. Nikakukatia simu. Baadaye nikakuambia mtandao ulisumbua, nawe ukakubali, na nikajua hukukubali. Nilikasirika siku nzima, na hasira yenyewe haikuwa kwako. Wiki ile nikaenda kupima, ikawa ndiyo. Nikanywa vidonge mpaka mate yakawa machungu, homa zikaisha, vidole havikurudi. Sikukuambia asante. Nakuambia leo: asante, mwanangu. Uliona kile nilichokuwa nimekikalia.

Ungefikiri mtu aliyepita hapo angekuwa na busara kidogo. Sikiliza sasa habari ya Bihogo. Vipande vyake unavijua kutoka kwa baba yako, na baba yako hupenda kuvilainisha.

Ng'ombe walianza kutupa mimba Nyakasimbi, kwenye makundi yanayonyweshwa bwawa moja, na kundi la Bibi likiwemo. Nilipima wote. Majibu yaliporudi kutoka maabara, wachache walikuwa na ugonjwa, na Bihogo alikuwa mmoja wao. Unajua Bihogo alikuwa nani. Bibi alipoolewa, baba yake alimpa jike asiende mikono mitupu kwa watu, na Bihogo alikuwa mjukuu wa jike lile. Bibi alimzalisha kwa mikono yake mwenyewe. Jioni alikuwa akiongea naye kwa Kinyambo mambo ambayo sisi wengine hatukuwahi kuambiwa.

Ng'ombe wa namna ile hakuna dawa ya kumpa. Anaonekana mzima, anakula, anatoa maziwa, na kila akizaa anamwaga ugonjwa majanini. Anatakiwa aondoke. Na serikali inayonituma kumwambia mtu ng'ombe wako aondoke hainipi kitu cha kumwachia mkononi. Nadhani hapo ndipo uchovu wangu mwingi ulipotoka, Kemi. Siyo barabara, wala mvua, wala simu zinazokuja ng'ombe akiwa ameshakata roho ndipo mtu anauliza kama kuna sindano. Ni kule kuingia kwenye nyumba ya mtu nikiwa nimeshika ukweli mtupu, nikautua pale, nikaondoka.

Kijijini walishaanza kunong'ona. "Tuone atamfanyaje mama mkwe wake." Maneno yalinifikia na yakaniwasha. Niliogopa wasije wakasema ninapendelea. Nikaitisha mkutano, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, wenye ng'ombe wote wakiwepo, Bibi akiwa ameketi kwenye mkeka wake mbele kabisa na kitenge kile alichonunuliwa Krismasi. Alikuwa amevaa vizuri kwa sababu mkwe wake anahutubia. Nami nikasimama, nikiwa na koti langu jeupe na buti, nikasema kwa sauti kubwa kwamba sheria ni ya wote, na ili kila mtu aone, nitaanza na ng'ombe wa mama mkwe wangu.

Alisikia hapo kwa mara ya kwanza, pamoja na watu wote.

Watu walinisifu. Mwenyekiti alinishika mkono akasema huyu ndiye kiongozi. Nilikuwa namtafuta Bibi kwa macho. Alikuwa anakunja mkeka wake polepole, anauondolea majani. Alipofika mbele yangu alisimama.

"Daktari," akaniambia, "nenda ukachukue ng'ombe wako."

Tangu nimekuzaa wewe, yule mama hajawahi kuniita kitu kingine isipokuwa Mama Kemi. Siku ile nikawa Daktari. Nimebaki Daktari. Tukikutana msibani ananisalimu, "Habari za kazi, Daktari," mbele za watu, kwa heshima, na mimi naona aibu mpaka masikioni. Baba yako anasema itapita. Baba yako husema hivyo hata kwa paa linalovuja.

Nataka unielewe hapa, maana utasimama mahali kama hapa siku moja. Sijutii kwamba Bihogo aliondoka. Alikuwa mgonjwa, na ningeulizwa tena leo ningesema aondoke. Ninachojutia ni jioni ile ya siku iliyotangulia mkutano. Majibu nilikuwa nayo mfukoni. Nilipita kwa pikipiki mbele ya nyumba yake, moshi ulikuwa unatoka jikoni, na nilijua yuko peke yake. Ningeingia, ningekaa kwenye kile kigoda kifupi, ningemenya naye ndizi. Ningemwambia, "Mama, nimeleta habari mbaya." Angelia, mimi pia ningelia, na asubuhi angekuja mkutanoni akijua. Pengine angesimama mwenyewe akasema anzeni na wangu, ungeona. Nilimnyima nafasi hiyo. Nilipita, nikaongeza mwendo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka kufika nyumbani nioge.

Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia wakati ule wala baadaye. Mkutanoni nilizungumza habari za makundi ya kijiji, bwawa la kijiji, afya ya jamii. Sikusema kwamba ninamwogopea yeye. Anakunywa maziwa yale kila siku ya maisha yake, mikono yake ndiyo inayovuta ndama, na mimi najua homa ile inavyomfanya mtu. Nilikuwa nawaza mwili wake mwembamba ukiloa usiku na hakuna wa kumbadilishia shuka. Hilo ndilo lilikuwa moyoni mwangu, na ndilo pekee ambalo halikutoka mdomoni. Nilikuwa na maneno ya serikali tele, la kwangu likakosa pa kupita.

Kwa hiyo hata kuhusu maziwa, sina jibu safi la kukupa. Huko uendako watakupa kwenye kibuyu, mabichi, na watakuwa wanakuangalia. Ukinywa kila unapoingia, siku moja utaandika barua kwa vidole kama hivi vyangu. Ukikataa kama mtu anayekataa uchafu, watakuambia ng'ombe wote wazima. Mimi nilidhani kuna njia mbili tu, kunywa au kuondoka, kwa sababu Mzee Gasana aliniwekea mbili na nilikuwa na haraka. Siku hizi nafikiri ningemwambia, "Mzee, naogopa. Nimeona ng'ombe wako na ninaogopa, kwa ajili yangu na kwa ajili ya mkeo huyu." Sijui angenijibu nini. Huenda angenifukuza. Lakini ningekuwa nimekaa naye kweli, siyo kwa kikombe. Ningekaa hapo siku nzima, na kesho yake ningerudi kukaa tena. Kazi hii inataka muda ambao ofisi haikupi, na utalazimika kuuiba kutoka mahali fulani. Usiuibe nyumbani kwako kama nilivyofanya mimi. Umelelewa na mwalimu mvumilivu na mlio wa pikipiki ya mama inayoondoka, na hukuwahi kunilaumu, na hilo nalo linaniuma.

Bibi alibakiwa na mmoja wa uzao ule, Kagaju, binti wa Bihogo. Nilimpima pamoja na wengine, akaonekana msafi, nikarudia baadaye kwa kumtuma mwenzangu, kwa sababu mimi nisingekaribishwa. Msafi. Amezaa juzijuzi. Lakini bado ananyweshwa bwawa lilelile na ng'ombe wa watu, na usafi wa mwezi uliopita si hati ya mwezi huu. Basi Bibi akija kesho na maziwa mabichi ya Kagaju, utafanya nini? Tangu asubuhi najiuliza. Ukiyakataa, utamvunja moyo kwa mara ya pili, na wewe ndiye mjukuu aliyekuwa hajamvunja. Ukiyanywa, nitasimama pale nikiwa mama na daktari na sijui ni yupi kati yao atakayefumba macho. Nimeamua sitakukonyeza. Sitakohoa. Utaamua wewe.

Ila ukweli ni kwamba afadhali hata niwe na tatizo hilo. Tatizo lenyewe ni kama hatakuja kabisa.

Jua limeshuka nyuma ya migomba. Umeacha kufunga na kufungua begi, nakusikia unaimba kidogo, ule wimbo wa kwaya unaoupenda. Vidole vimeanza. Nilitaka kukuambia pia kuhusu siku nilizofurahi katika kazi hii, maana zipo, ndama aliyegeuzwa tumboni akatoka akipiga chafya, kijiji kilichomaliza msimu mzima bila mimba kutupwa na hakuna aliyenikumbuka kwa sababu hakuna aliyeugua. Hayo utayaona mwenyewe. Hayahitaji maelezo.

Pikipiki imeingia.

Baba yako amekaa kwenye kiti cha kibarazani anafungua kamba za viatu, na unavyomjua, hasemi kitu mpaka kiatu cha pili kimetoka. Nimesimama mlangoni na kalamu mkononi kama karani.

"Atakuja," amesema.

"Na maziwa?"

"Na maziwa."

Amekung'uta vumbi la viatu, kimoja, cha pili.

"Nimemkuta anakamua," ameendelea. "Akaniambia nimshikie ndama. Nikashika. Akachukua maziwa akaenda nayo kwa jirani, nikajua anampelekea kidogo kama kawaida yake. Akakawia. Ndama ananilamba shati lote, angalia. Nikamfunga nikamfuata. Nimemkuta nyuma ya jiko la jirani, amechuchumaa mbele ya sufuria ya kuazima, anapuliza moto. Nikamwambia, Mama, unafanya nini huku? Akaniambia nipunguze sauti."

"Kwa nini?"

"Ng'ombe asisikie."

Nimekaa chini, Kemi, palepale kwenye kizingiti.

"Hataki kuyachemshia nyumbani," baba yako amesema. "Anasema moshi wake ungefika zizini. Amekaa mpaka yakapanda, akayaacha yakapanda tena. Akaniambia, mwambie Mama Kemi yamechemka, na kesho asije akaniuliza maswali."

Nimemwambia arudie.

"Nirudie nini? Yamechemka."

"Hapana. Ulivyosema mwanzo. Alivyoniita."

Amenitazama kama mtu anayehofia homa imenirudia. "Mama Kemi," amesema. "Ulitaka akuite nani?"

Sasa giza linaingia na herufi sizioni sawasawa, na safari hii siyo vidole tu. Neno lile la kukuambia nililokuwa nalitafuta tangu mchana ni hili. Kesho pokea kwa mikono miwili, unywe yote. Usimsifu kwa kuchemsha, wala usimshukuru kwa hilo, mwache kama hakufanya. Usiku huu hatalala. Atakuwa macho kitandani anamsikiliza Kagaju anavyopumua, kwa sababu katika akili yake amemchoma ng'ombe wake wa mwisho wa uzao ule ili wewe uondoke salama, na mimi nisiogope.

Kwa hiyo ukishamrudishia ekyanzi, kabla hujanikumbatia mimi wala baba yako, muulize Kagaju ameamkaje. Halafu usimame hapo, hata kama basi litatuacha, usikilize jibu lote.

Mama yako